Karen Blixen Alipozirudia Picha Zake

Jina la Karen Blixen si geni kwa walimu na wanafunzi wa fasihi. Wengi wanamjua kwa kitabu chake cha Out of Africa, kilichotoka mwaka 1937, na wengine kwa filamu iliyotengenezwa kutokana na kitabu hicho mwaka 1985. Wachache mno wanajua kwamba kabla hajawa mwandishi, bibi huyu alikuwa mchoraji. Alisomea kuchora, akachora kwa miaka kadhaa, akaja na rangi zake hadi nchini Kenya, kisha akaziweka kando asizishike tena ila kwa nadra. Mwaka 1950, akiwa na umri wa miaka 65, aliandika makala fupi kuhusu picha nne za makaa alizozichora katika ujana wake. Alizirudia kazi zake za kale, akazitazama kwa macho ya utu uzima, akajiuliza zilimfunza nini.

Kitendo hicho kidogo ndicho kilichonisukuma kuandika leo. Wasifu wa Blixen umesimuliwa mara nyingi kama kisa cha mapenzi, kahawa na ndege. Mimi nataka kuusimulia kama wasifu wa mtu aliyejifunza kutazama, maana humo mna funzo kwa kila mwalimu aliyekabidhiwa watoto wenye penseli mkononi.

Alizaliwa tarehe 17 Aprili 1885 huko Rungstedlund, nyumba ya familia iliyo ukingoni mwa bahari, kaskazini ya mji wa Copenhagen nchini Denmark. Baba yake, Wilhelm Dinesen, alikuwa askari na mwandishi. Alijiua mwaka 1895, binti yake akiwa bado hajatimiza miaka kumi. Karen alilelewa na mama, nyanya na shangazi katika nyumba iliyoshika dini na adabu kwa mkono wa chuma. Kwa msichana wa tabaka lake enzi hizo, milango ya elimu ya juu ilikuwa imefungwa nusu. Sanaa ilikuwa mmojawapo wa milango michache iliyoachwa wazi. Alianza katika shule ya kuchora ya mabibi wawili mjini Copenhagen, kisha mwaka 1903 akaingia Chuo cha Kifalme cha Sanaa, katika sehemu iliyotengewa wanawake. Alikaa huko miaka michache, akatoka bila ya kuwa mchoraji wa kazi.

Makala yake ya mwaka 1950 inatuonyesha kilichomvutia katika masomo hayo. Kwanza zilikuwa kanuni za umbali, yaani namna vitu vinavyopungua ukubwa kadiri vinavyokwenda mbali na jicho. Alifurahi kugundua kwamba kuna sheria katika kuona, na kwamba sheria hiyo haimpendelei mtu wala haimwonei. Pili, alikiri kwamba ilikuwa vigumu kwake kuiona nchi yoyote vizuri kabla ya mchoraji mkubwa kumpa ufunguo. Uingereza aliiona kwa msaada wa Constable, Gainsborough na Turner. Uholanzi alifasiriwa na wachoraji wa kale wa huko. Milima ya Umbria nchini Italia aliielewa kupitia Giotto na Fra Angelico.

Naomba msomaji alishike wazo hilo la pili, kwani nitalirudia. Mtu huyu anasema kwamba mandhari peke yake haitoshi. Anahitajika mtu wa kuichora kwanza, ndipo wengine waione.

Mwaka 1907 alichapisha hadithi yake ya kwanza, kwa jina la kupanga la Osceola. Haikumpa umaarufu. Mwaka 1912 alichumbiwa na Bror von Blixen-Finecke, bwana wa ukoo wa kibaroni kutoka Sweden, na wakaamua kuja Afrika Mashariki kufanya ukulima. Januari 1914 meli yake ilitia nanga Mombasa, na tarehe 14 ya mwezi huo wakafunga ndoa mjini humo.

Sisi wa pwani tuna sababu yetu ya kuukumbuka mwaka huo. Mekatilili wa Menza alikuwa amekamatwa Oktoba 1913 na kupelekwa uhamishoni magharibi mwa nchi kwa kosa la kuwaongoza Wagiriama wakatae kodi na kazi za kulazimishwa. Agosti 1914, Waingereza waliulipua Kaya ya Wagiriama kwa baruti. Hivyo basi, mchoraji kijana kutoka Denmark aliteremka katika pwani iliyokuwa inawaka moto. Yeye hakukawia huko. Alipanda gari la moshi, akaenda zake bara.

Shamba lao lilikuwa chini ya vilima vya Ngong, ekari elfu sita za ardhi, na kiasi cha ekari mia sita zikapandwa kahawa. Ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe kabla ya serikali ya kikoloni kuigawa. Blixen mwenyewe aliligusa jambo hilo katika kitabu chake: Wakikuyu waliokuwa wakihesabiwa kuwa maskwota wake walizaliwa palepale, na baba zao pia, na yamkini wao ndio waliomwona yeye kuwa skwota. Mahali pale palikuwa juu mno kwa kahawa. Mvua ilipokosekana, mazao yalikosekana, na madeni yakapanda. Ndoa nayo ikavunjika. Talaka ilipatikana mwaka 1925, naye akabaki kuliendesha shamba peke yake.

Ni katika miaka hiyo aliyoishi Ngong ndipo alipopaka rangi za mafuta kwa mara ya mwisho kwa bidii. Picha hizo si nyingi. Baadhi yake zinaonyeshwa leo Rungstedlund, nyumba ambayo tangu mwaka 1991 imekuwa makumbusho. Miongoni mwa alizozichora ni nyuso za watu wa shambani na nyumbani kwake: msichana wa Kikuyu, kijana wa Kisomali, mzee. Mchoraji alimketisha mtu mmoja mbele yake, akamtazama kwa saa nyingi, akamchora huyo na si mwingine.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Tukisoma Out of Africa kwa makini, tunakuta kurasa ambamo mwandishi anazungumza juu ya wenyeji kwa jumla, kana kwamba wote ni mtu mmoja: wenyeji hufikiri hivi, wenyeji huogopa vile. Tunakuta pia mahali anapowafananisha watu na wanyama wa porini. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alimkosoa vikali kwa hayo, katika kitabu chake cha kumbukumbu za kizuizini na katika Moving the Centre cha mwaka 1993. Alisema kwamba mapenzi ya namna hiyo, ya bwana kwa viumbe vyake, ni hatari kuliko chuki ya wazi kwa sababu huvaa vazi la wema. Mimi naikubali hukumu hiyo. Hata hivyo, nikizitazama sura alizozichora, naona jicho jingine. Brashi haina neno la kumaanisha wenyeji wote kwa pamoja. Pua ni ya mtu mmoja, na vivyo hivyo kope na namna ya kufumba midomo. Mkono unaochora hulazimika kumtii aliyeketi mbele yake. Kalamu yaweza kuruka kutoka kwa mtu hadi kwa kabila zima katika sentensi moja, na hakuna wa kuizuia.

Ushahidi mwingine uko hapa kwetu pwani. Katika miaka ya 1920, rafiki yake Mwingereza, Denys Finch Hatton, alikuwa na nyumba Takaungu, kusini mwa Kilifi, mji ambao Wamazrui waliukimbilia baada ya kuangushwa Mombasa mwaka 1837. Blixen alifika huko, na akaiandika Takaungu kama mchoraji. Anaeleza miamba ya matumbawe, miembe mikubwa, mashua zenye matanga, magofu ya makao ya kale pamoja na mnara mdogo na kisima chake. Maji yakipwa, anasema, mtu aliweza kutembea mbali sana juu ya sakafu ya mwamba akiokota makombe na viti vya pweza. Kila aliyekulia Takaungu, Mnarani, Mayungu au Ngomeni anaijua sakafu hiyo kwa nyayo zake, na atakiri kwamba maelezo ni sahihi.

Kisha wanatokea wavuvi. Wanakuja na vilemba vyekundu na vya buluu, wakiuza samaki wa rangi nyingi, na mwandishi anawaona kuwa ni Sindbad Baharia aliyefufuka. Mvuvi wa Takaungu hakupewa jina. Alivikwa joho la Alfu Lela Ulela, akapita ukurasani kama pambo. Kwa nini? Tukumbuke yale ya mwaka 1950. Blixen alihitaji mchoraji wa kumpa ufunguo wa nchi. Uholanzi aliupata. Pwani ya Kilifi hakuupata, basi akaazima ufunguo kutoka kwa kitabu cha hadithi alichokisoma utotoni. Alifanya vivyo hivyo katika hadithi yake ya waotaji, iliyomo katika kitabu cha mwaka 1934, ambamo jahazi linakwenda kutoka Lamu hadi Zanzibar usiku wa mwezi mpevu mwaka 1863, na ndani yake amekaa msimulizi mashuhuri aitwaye Mira Jama. Ni hadithi nzuri, lakini Lamu hiyo ni Lamu ya ndoto.

Tarehe 14 Mei 1931 Finch Hatton alikufa katika ajali ya ndege yake pale Voi. Shamba lilikuwa limekwisha kuuzwa. Kabla ya kuondoka, Blixen alihangaika katika ofisi za serikali hadi maskwota wake wakaruhusiwa kuhamia pamoja kwenye kipande cha ardhi huko Dagoretti, wasitawanywe. Mwaka huo huo alirudi Denmark akiwa na miaka 46, hana shamba, hana mume, hana fedha. Akakaa katika nyumba ya mama yake, akaandika. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1934 kwa jina la Isak Dinesen, akiwa karibu na miaka hamsini. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Hakuandika na kusahau. Mwaka 1960, miaka miwili kabla ya kufa, alitoa kitabu kidogo cha Shadows on the Grass, ambamo aliwarudia watu aliowaacha Kenya. Sehemu yake ya kwanza inamhusu Farah Aden, Msomali aliyesimamia nyumba na mambo yake yote. Ni kama mchoraji aliyeona kwamba sura fulani katika picha kubwa ya zamani inastahili fremu yake yenyewe. Alifariki tarehe 7 Septemba 1962 hapo hapo Rungstedlund alipozaliwa, akazikwa chini ya mti katika shamba la nyumba hiyo. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Wasifu huu hautimii bila Kamante Gatura. Kamante alikuwa mtoto wa Kikuyu mwenye vidonda miguuni ambaye Blixen alimtibu, akampeleka hospitali ya misheni, na baadaye akawa mpishi wake. Dunia nzima ilimjua kupitia kalamu ya bibi. Mwaka 1975 kilitoka kitabu cha masimulizi ya Kamante mwenyewe, kilichokusanywa na mpiga picha Mmarekani, Peter Beard, na ndani yake mna michoro iliyochorwa na Kamante katika uzee wake. Yule aliyechorwa kwa maneno alishika kalamu akachora. Michoro yake haifuati kanuni za umbali za chuo cha Copenhagen. Wanyama na watu wamepangwa kwa kadiri ya uzito wao katika kisa. Mwalimu wa sanaa akiweka mchoro mmoja wa Kamante kando ya picha moja ya Blixen, atakuwa na somo la wiki nzima. Nani anamtazama nani? Nani yuko karibu, nani yuko mbali, na kwa amri ya nani?

Nimesikia watu wakisema kwamba mwandishi wa kikoloni hana la kutufunza, na vitabu vyake vitupwe pamoja na picha zake. Huko ni kumtupa jongoo na mti wake. Kumsoma mtu si kumsujudia. Blixen mwenyewe ametupa njia ya kumsoma, nayo ni kuzirudia kazi za kale bila ya kuzionea haya wala kuzitukuza, na kuuliza jicho hili liliona nini, na nini kilipita mbele yake lisikione.

Sasa niwageukie walimu wenzangu, hasa wa Magarini. Katika miaka ya mwanzo ya mfumo wa 8-4-4, sanaa ilitahiniwa katika darasa la nane. Baadaye iliondolewa katika mtihani, na kwa desturi yetu, kisichotahiniwa hakifundishwi. Kizazi kizima kikamaliza shule bila ya kuulizwa hata mara moja kivuli cha mnazi huangukia wapi saa nne asubuhi. Mtaala wa umilisi, ulioenezwa nchini kuanzia mwaka 2019, umeirudisha sanaa ya ubunifu darasani. Hofu yangu ni kwamba tutaifundisha kama kazi ya siku moja: mtoto achore, apewe alama, na karatasi iishie jikoni kuwashia moto.

Mimi hupaka rangi kwa kujifurahisha, na sijauza picha hata moja. Nimeketi mara nyingi ukingoni mwa korongo la Marafa, lile ambalo wenyeji huliita Nyari. Asubuhi kuta zake huwa nyeupe na za rangi ya waridi. Jua likishuka huwa kama makaa yaliyopulizwa. Hakuna kitabu kilichonifunza hilo. Nilifunzwa na karatasi, kwa sababu picha ya asubuhi na picha ya jioni, zikiwekwa pamoja baada ya miaka, hukataa kuwa za mahali pamoja. Mtoto akizihifadhi picha zake tangu darasa la nne hadi la tisa ataona maendeleo ambayo hakuna ripoti ya muhula inayoweza kumwonyesha. Ataona siku aliyogundua kwamba bahari haikuwa buluu tupu, na kwamba maji ya Sabaki yakiingia baharini huipaka rangi ya udongo kwa umbali mrefu. Bahasha kubwa moja kwa kila mwanafunzi yatosha. Haihitaji fedha za wafadhili.

Na kuna jambo kubwa kuliko alama. Blixen hakuiona Uholanzi mpaka wachoraji wake walipomwonyesha. Nani atakayewaonyesha watu Magarini? Tuna mashamba ya chumvi ya Gongoni yanayometa mchana kama kioo. Tuna kaburi la mnara la Mambrui, lililopambwa tangu zamani kwa vyombo vya Kichina. Tuna vigango ambavyo Wagiriama huwasimamishia wazee wao wa Gohu, na ambavyo vingi viliibwa vikauzwa ng'ambo na watu waliojua thamani yake kabla yetu. Tuna kaburi la Mekatilili huko Bungale. Sanamu yake iliyosimamishwa mjini Malindi ilichongwa miongo mingi baada ya kifo chake, na mkono wa mtu asiyepata kumwona. Laiti angalikuwapo mtoto mmoja wa Kigiriama mwaka 1913 aliyefunzwa kushika makaa!

Bibi na babu waliopo leo wana nyuso zao pia. Mvuvi wa Ngomeni si Sindbad. Ana jina, ana kovu la mshipi kidoleni, ana namna yake ya kukunja uso mbele ya jua. Mwanafunzi anayeketi mbele yake nusu saa na kumchora atajua mambo ambayo mgeni wa hoteli hatayajua kwa likizo kumi. Tukiacha kuwachora, atakuja mwingine kuwachora kwa ufunguo wa kuazima, nasi tutabaki kulalamika kwamba hatukuonwa vyema.

Mwalimu, muhula huu ukifika mwisho usichome karatasi za sanaa. Andika jina na tarehe nyuma ya kila picha, uzifunge, uzihifadhi kabatini. Muhula ujao, kabla ya kuwapa wanafunzi karatasi mpya, warudishie zile za zamani na uwaache wazitazame kimya kwa dakika kumi.